Moldi ya vifuniko vya jerikeni: tundu moja halijai, matatu yanavuja. Nianze wapi kujifunza misingi?

Chipukizi_Namanve

Habari za kazi, wakubwa zangu. Nimepangiwa kusimamia mashine ya kudunga plastiki na nataka kuielewa kuanzia chini, si kukariri namba za kwenye skrini. Mashine ni ya tani 120, imeshatumika, skrubu yake ni mm 40, na kibao kinasema shoti kubwa kabisa (plastiki inayosukumwa kwa mara moja) ni gramu 180 za polistirini. Moldi ina matundu manne ya kifuniko cha jerikeni ya lita 20: kipenyo mm 60, unene wa ukuta mm 2, uzito gramu 14 kila kimoja. Njia ya kupitishia plastiki ni ya baridi, uzito wake gramu 8.

Malighafi ni HDPE (polietilini nzito) mpya nusu, na nusu jerikeni kuukuu zilizosagwa. Joto la bareli (silinda ya moto yenye skrubu ndani) limewekwa nyuzi 270, nguvu ya kubana tani 120 zote.

Kanuni niliyopewa ni moja tu: isipojaa ongeza presha, ikivuja punguza. Sasa tundu namba 3 halijai huku 1, 2 na 4 yanatoa ukingo wa plastiki iliyovuja, yote katika shoti moja. Niongeze au nipunguze? Na mtu anayetaka kujua kazi hii kwa mpangilio aanze na nini: mashine, moldi au malighafi?

Nnalongo_wa_Plastiki

Anza na malighafi, mdogo wangu. Kabla hujagusa namba yoyote ya mashine, chungulia hopa (faneli ya kumiminia punje), maana nusu ya ugonjwa wako imo humo.

Jerikeni haidungwi, hupulizwa. Mashine ya kupuliza hushusha bomba la plastiki laini, na bomba hilo lazima lining'inie bila kuchuruzika mpaka moldi ifunge na hewa iingie. Kwa hiyo HDPE yake imetengenezwa makusudi iwe nzito kutiririka. Wepesi wa kutiririka hupimwa kwa MFI: gramu zinazopita kwenye kitundu cha kipimo kwa dakika 10, na kwa polietilini hupimwa katika nyuzi 190 chini ya uzito wa kilo 2.16. HDPE ya kupuliza jerikeni kwa kawaida haifiki hata 0.5. Ya kudunga vifuniko na kreti huanzia kama 4 na kwenda hadi 20 hivi. Umemimina posho (ugali) ndani ya uji na unataka vipite pamoja kwenye mlango, kitundu cha kuingilia plastiki kwenye moldi, wa milimita moja. Mbaya zaidi, havichanganyiki sawasawa: shoti hii ina posho nyingi, inayofuata ina uji mwingi, na hakuna namba kwenye skrini inayoweza kukimbizana na hilo.

Ndiyo maana mtu alipandisha joto hadi 270. HDPE ya kudunga hufanya kazi vizuri kati ya 190 na 240. Ukipita hapo kwa muda mrefu inaanza kuharibika: moshi, harufu ya mshumaa uliozimwa, na nta nyembamba inayoganda juu ya chuma cha moldi. Nta hiyo huenda moja kwa moja kwenye njia za kutolea hewa na kuziziba. Kabla hujalilaumu tundu namba 3, lipe nafasi hiyo.

Plastiki ya kusaga ruksa, lakini iwe ya mabaki ya njia zako mwenyewe na vifuniko vyako vibovu, safi, iliyochekechwa vumbi, asilimia 10 hadi 20. Vumbi huyeyuka mapema na kuungua, nalo ndilo hutoa vidoadoa vyeusi. Jerikeni za mtaani ziache kabisa kwenye kazi hii. Hujui ilibeba nini: mafuta ya kula, dizeli, au dawa ya kunyunyizia kahawa. Kifuniko hiki kitakaa juu ya maji anayokunywa mtoto.

Ukiletewa gunia lisilo na jina, tia punje chache ndani ya maji yenye tone la sabuni. PP (polipropilini), HDPE na LDPE (polietilini nyepesi) huelea. PS (polistirini), ABS, PET (ya chupa za maji), nailoni, polikaboneti na PVC huzama. Kisha choma kidogo nje, upepo ukiwa mgongoni: polietilini hudondoka na kunuka nta, polistirini hutoa masizi meusi. Unayoshuku ni PVC usiinuse, hutoa asidi. Na kamwe usiruhusu PVC ikutane na asetali, ile POM ya gia ndogo, ndani ya bareli moja. Zikioza pamoja hutoa gesi kwa kasi na zinaweza kulipua plastiki ya moto kupitia nozeli.

Ukaushaji kwako si shida, HDPE na PP hazinywi maji. Lakini siku utakapoletewa ABS, ikaushe nyuzi 80 kwa saa 2 hadi 4. Polikaboneti nyuzi 120 kwa saa 3 hadi 4. PET karibu nyuzi 160 kwa saa 4 au zaidi. Polikaboneti na PET ndizo za kuogopa zaidi, kwa sababu unyevu hukata minyororo ya plastiki yenyewe: kitu kinatoka kizuri machoni, kinavunjika mkononi mwa mteja.

Rangi ya manjano ya vifuniko: asilimia 2, yaani gramu 500 kwa gunia la kilo 25. Ipime kwa mizani, usikadirie kwa kopo.

FundiMoldi_Jinja

Nnalongo amemaliza upande wa hopa. Mimi nitaingia kwenye mashine.

Kwanza jua joto linatoka wapi. Hita za nje zinasaidia, lakini skrubu ikishaanza kazi, sehemu kubwa ya joto hutokana na msuguano wa punje zikisagwa kati ya skrubu na bareli. Kabla ya 1946, James Hendry wa Marekani alipoleta mashine ya skrubu, plastiki ilisukumwa na pistoni tupu, ikitoka imeungua pembeni na mbichi katikati. Kwa hiyo namba ya skrini ni joto la chuma, si la plastiki. Ukitaka la plastiki, rudisha nozeli nyuma, toa plastiki kidogo juu ya ubao, chomeka kipimajoto cha sindano ulichokwisha kukipasha, koroga, usome namba ya juu kabisa. Kile cha kuelekeza mwanga kinasoma ngozi tu. Weka bareli 190 nyuma, 205 katikati, 210 mbele na nozeli 210, kisha pima. Usishangae ukipata 225.

Pili, je, bareli inakutosha? Gramu 180 ni za polistirini. HDPE iliyoyeyuka ni nyepesi: karibu gramu 0.73 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati polistirini ni kama 0.95. Kwa hiyo 180 × 0.73 ÷ 0.95 = gramu 138. Shoti yako ni vifuniko 56 jumlisha njia 8, gramu 64, sawa na asilimia 46 ya uwezo. Kati ya 20 na 80 ni salama. Chini ya 20 plastiki hukaa mno ndani na kuungua; juu ya 80 haipati muda wa kuyeyuka sawasawa.

Sasa ile kanuni ya "ongeza presha". Inakupoteza kwa sababu kuna kazi mbili tofauti ndani ya shoti moja. Kazi ya kwanza ni kujaza, na hapo kinachotawala ni kasi: presha ipo tu kama ruhusa, iwekwe juu kiasi ili kasi isikwame. Kazi ya pili ni kushindilia na kushikilia, ambapo presha ndiyo hutawala, ikiongeza plastiki kufidia inayosinyaa. Mabadiliko ya kutoka ya kwanza kwenda ya pili yafanyike matundu yakiwa yamejaa asilimia 95 hadi 98. Ukichelewa, skrubu inagonga tundu lililojaa kama gari linalogonga ukuta, na plastiki inatafuta pa kutokea: ndiyo uvujaji wako.

Fanya jaribio hili leo. Unahitaji mizani ya kusoma hadi gramu 0.1 na kalamu, basi.

Ondoa muda wote wa kushikilia, uwe sifuri. Acha muda wa kupoza ulivyo. Sogeza nafasi ya mabadiliko mapema ili vifuniko vitoke pungufu waziwazi, kisha isogeze nusu milimita nusu milimita hadi tundu linalojaa zaidi lifike kama asilimia 95. Hapo toa shoti 10 bila kugusa kitu. Kata njia, pima kila kifuniko kwa namba ya tundu lake, chukua wastani. Kifuniko pungufu huenda kikang'ang'ania kwenye nyuzi (mikato ya kuzungushia) za kiini, chuma kinachounda upande wa ndani wa kifuniko. Kitoe kwa kijiti cha shaba nyeusi au mbao, milango ya mashine ikiwa wazi na pampu imezimwa. Bisibisi ya chuma ikikwaruza kiini mara moja, kila kifuniko kitabeba mkwaruzo huo.

Leta namba hapa.

Chipukizi_Namanve

Asante sana Nnalongo, asante fundi. Jerikeni za kusaga nimeziondoa, sasa ni HDPE ya kudunga yenye MFI 8 pamoja na asilimia 10 ya mabaki ya njia zetu yaliyosagwa. Joto la plastiki lilipimwa 226.

Wastani wa shoti 10 bila kushikilia: tundu 1 gramu 12.9, tundu 2 gramu 13.0, tundu 3 gramu 11.4, tundu 4 gramu 12.8. Uvujaji umepungua sana lakini namba 3 bado iko nyuma, na ukingoni mwake, upande ulio mbali na mlango, kuna alama ya kahawia ndogo kama punje ya mtama.

FundiMoldi_Jinja

Alama hiyo ya kahawia imejibu swali kabla ya mizani. Ni hewa. Plastiki inaingia, hewa ya tundu haina pa kutokea, inabanwa ghafla mpaka inapata moto wa kuunguza plastiki, kama inavyowaka dizeli ndani ya injini. Wakati huohuo hewa hiyo inazuia tundu lisijae. Matundu matatu yanakaribiana kabisa, la tatu limebaki nyuma asilimia 12 ya lile la pili. Ukiongeza presha ili kulishurutisha, unavijaza kupita kiasi vile vitatu.

Shusha kasi ya mwisho wa kujaza kwa leo, lakini dawa ni kufungua moldi na kusafisha njia za hewa za tundu 3 kwa kitambaa na kiyeyushi, kisha brashi ya shaba. Pima kina kwa kipimo cha majani (vibati vyembamba vya unene unaojulikana): kwa HDPE mm 0.02 hadi 0.03, urefu wa kama mm 1.5 kutoka ukingo wa tundu, na baada ya hapo mfereji wenye kina cha nusu milimita au zaidi unaotoka hadi nje. Ikiwa kina kimebaki 0.01 kwa sababu ya nta na kutu, umempata mwizi. Ikiwa mtu alishapiga msasa sana na ni 0.06, plastiki itavuja hapo hapo.

Njia za hewa zikiwa safi na tofauti ikabaki, pima mlango wa kila tundu kwa pini za kipimo. Mlango wa mm 1.0 kando ya wenzake wa 1.2 si tofauti ndogo: upinzani hupanda haraka mno kipenyo kinapopungua. Usiupanue kwa kuchimba na drili ya mkononi. Peleka karakana, waondoe 0.05 kwa wakati, ujaribu tena. Chuma ukikitoa hakirudi. Fundi mwenye mkono wa ufitaji, kama wanaofunzwa pale chuo cha ufundi cha Nakawa, Kampala, atalifanya kwa utulivu.

Yakishalingana, rudisha kushikilia. Kwa presha ileile ongeza sekunde moja moja, upime vifuniko vyote vinne bila njia. Uzito ukikoma kupanda, mlango umeganda, na sekunde yoyote baada ya hapo ni umeme unaopotea.

Mekanika_wa_Zamu

Naongeza kwenye tani 120, kwa sababu hilo linaniuma zaidi ya presha. Nguvu ya kubana hupimwa kwa eneo la kivuli cha kitu ukikitazama kutoka mbele. Kifuniko cha kipenyo cha sm 6 kina eneo la sm za mraba 28.3, vinne ni 113, weka 15 za njia, jumla 128. HDPE na PP huhitaji kama tani 0.3 hadi 0.5 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa 0.4 unapata tani 51. Weka 60.

Ukibana tani 120 moldi ya ukubwa huu, unaponda hizo njia za hewa za mm 0.02 ambazo fundi wa Jinja anakutuma uzisafishe. Zitajifunga tena kwa wiki chache. Nafikiri ndiko tatizo lilikoanzia. Halafu angalia ulinzi wa moldi, ile hatua ya kufunga kwa presha ndogo: weka kipande cha kadibodi kati ya nusu mbili na ufunge kwa mwendo wa kazi. Mashine isimame na kulia. Ikikiponda na kuendelea kubana, siku moja itaponda kifuniko kilichobaki ndani, pamoja na kiini.

Maji: muda wa kupoza hukua kwa mraba wa unene. Ukuta wako wa mm 2 unahitaji kama sekunde 8 hadi 10. Wa mm 4 ungehitaji mara nne. Tofauti ya joto kati ya maji yanayoingia na yanayotoka isizidi nyuzi 2 au 3. Usishushe chila (mashine ya kupoza maji) hadi nyuzi 10. Hewa yetu huku karibu na Ziwa Victoria imejaa unyevu, moldi itatoa jasho, matone yataacha alama kwenye vifuniko na kutu kwenye pini. Nyuzi 18 hadi 20 zinatosha. Na milimita moja ya magamba ya chokaa ndani ya njia za maji huzuia joto kama sentimita mbili au tatu za chuma.

Kitu kimoja kuhusu vifuniko vyenye nyuzi kama hivi: vinasukumwa kutoka kwenye kiini kwa nguvu, havifunguliwi kwa kuzungushwa. Vikitoka moto mno nyuzi zinalala. Vikipoa mno vinabana kiini na kupasuka au kuchunika. Kwa hiyo muda wa kupoza una ncha mbili, usikimbilie kuurefusha.

Chipukizi_Namanve

Njia za hewa za tundu 3 zilikuwa mm 0.01, nyingine 0.02. Zimesafishwa, kubana kumeshushwa hadi tani 60, na sasa matundu yote bila kushikilia yako kati ya 12.8 na 13.0.

Jaribio la kushikilia, uzito wa vifuniko vinne: sekunde 2 ni 54.1, sekunde 3 ni 55.0; sekunde 4 ni 55.6, sekunde 5 ni 55.9, sekunde 6 ni 55.9, sekunde 7 ni 55.9.

Swali la mwisho: umeme ulikatika katikati ya shoti kwa dakika 50. Uliporudi skrubu ilikataa kuzunguka, na vifuniko vya mwanzo vilikuwa na vidoadoa vyeusi. Utaratibu sahihi ni upi?

Mekanika_wa_Zamu

Kwanza hongera. Weka kushikilia sekunde 5.5 au 6, na hizo ulizoongeza zitoe kwenye kupoza ili mzunguko usirefuke.

Umeme ukikatika: funga mlango wa hopa, zima swichi kuu ya mashine ili isiamke yenyewe mkono wa mtu ukiwa ndani. Kama kuna njia ya kurudisha nozeli nyuma, irudishe, kwa sababu moldi ya baridi inainyonya joto na kuigandisha. Umeme ukirudi, kagua awamu zote tatu za volti 415 kabla ya kuwasha pampu. Awamu moja ikikosekana mota inaungua, kwa hiyo kifaa cha kukata awamu ikikosekana ni lazima, si anasa.

Washa maji ya koo la hopa kwanza, la sivyo punje zitalainika pale juu na kushikana kama bonge. Kisha hita. Namba zikifika, subiri dakika 20 hadi 30 zaidi. Kihisi kiko ndani ya ukuta wa bareli. Chuma kimefika 200 lakini plastiki katikati ya mifereji ya skrubu bado ni jiwe. Kuilazimisha izunguke hapo ndiko kunakovunja skrubu au ringi ya kuzuia plastiki kurudi nyuma. Yako ilikataa, shukuru.

Toa plastiki kwa mwendo mdogo, nozeli ikiwa mbali na moldi, ngao imefungwa, uso wako pembeni, kamwe si mbele ya nozeli. Endelea hadi itoke safi, bila mapovu wala vidoa. Bonge lililotoka lizamishe kwenye maji, katikati yake hubaki moto muda mrefu.

Nnalongo_wa_Plastiki

Vidoa vyeusi vikiendelea baada ya shoti 20 au 30, kuna mahali plastiki imelala na kuungua: nyuma ya ringi, au kwenye kiungo cha nozeli kisichokaa sawa. Shoti hizo za mwanzo usizirudishe kwenye kinu, vidoa vitazunguka humo wiki nzima.

Presha ya nyuma weka bar 5 hadi 10 kwenye geji ya mafuta, rangi ichanganyike vizuri. Kuvuta skrubu nyuma baada ya kupakia, mm 3 hadi 5. Zaidi ya hapo unaingiza hewa na utaona michirizi ya fedha.

Na kusheni, plastiki inayobaki mbele ya skrubu shoti ikiisha, iwe mm 4 au 5 na isicheze. Kila saa andika daftarini kusheni na uzito wa vifuniko vinne. Ukiona 55.9 imekuwa 55.4, kisha 55.8, kisha 55.2, huku kusheni ikipanda na kushuka na hujagusa mipangilio, plastiki inarudi nyuma kupitia ringi. Fungua mbele ya bareli uitazame: ukingo uliolika hung'aa kama sarafu iliyosuguliwa.